Safari za Majivu ya Nyuklia

Moto huzaa jivu, walinena wahenga. Methali hiyo hutumiwa kumsema mzazi hodari aliyepata mtoto mzembe. Lakini katika habari hii twataka kuyachukua maneno yake kama yalivyo. Hapana moto usioacha jivu. Jivu la kuni mama huliondoa mekoni asubuhi, akalimwaga shambani, na mvua ikalichanganya na udongo. Lakini uko moto mmoja uliovumbuliwa na binadamu katika karne ya ishirini, ambao jivu lake halimwagwi po pote. Nao ni moto wa nyuklia. Jivu lake hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio, isiyo na harufu wala ladha, nayo yaweza kuuharibu mwili wa mtu pasipo yeye kujua. Sehemu ya jivu hilo hukaa na hatari yake kwa maelfu na maelfu ya miaka.

Jivu hilo halina budi kutolewa kinuni na kupelekwa mahali pa kuhifadhiwa. Na kwa kuwa mzigo wake ni mzito mno, nchi nyingi zimeuchukua kwa reli. Sasa, reli hupita wapi? Hupita nyuma ya nyumba za watu, kando ya viwanja vya shule, juu ya mito na katikati ya miji. Hapo ndipo lilipozuka swali lililozisumbua nchi za Ulaya kwa miaka mingi: Je, ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mzigo kama huo upite mlangoni pa watu, na watu hao waambiwe nini? Katika insha hii tutaitazama wilaya moja ndogo ya Ujerumani, ambayo wakulima wake walishindana na swali hilo kwa zaidi ya miaka 40.

Kwanza yatupasa kufahamu mzigo wenyewe. Ndani ya kinu cha nyuklia hutiwa fimbo zenye urani. Chembe za urani zikipasuka hutoa joto kali. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, na umeme hupatikana. Baada ya miaka michache fimbo hupungua nguvu, ikabidi zitolewe na kutiwa nyingine. Zile za kwanza huwa zingali moto sana na zimejaa mionzi, hata hulazwa miaka kadhaa ndani ya birika la maji zipoe. Ujerumani ya Magharibi, na baadaye Ujerumani nzima, ilipeleka nyingi ya fimbo zake La Hague, huko Ufaransa, na Sellafield, huko Uingereza, kwenye viwanda vya kuchambua urani ambayo ingaliweza kutumika tena. Masazo yake yaliyeyushwa pamoja na kioo na kumiminwa ndani ya mikebe ya chuma cha pua. Mapatano yalisema wazi kwamba masazo hayo ni ya Wajerumani, na kwamba siku ikifika watayachukua kwao. Ilikuwa haki, maana aliyeota moto ndiye apasaye kuzoa jivu.

Mikebe hiyo haikusafirishwa vivi hivi. Ilipangwa ndani ya makasha makubwa yaitwayo Castor, jina ambalo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kasha la kuhifadhia na kuchukulia vitu vyenye mionzi. Kasha moja ni kama pipa la chuma cha kusubu, refu kama mita 6, na likijazwa huwa na uzito wa zaidi ya tani 100. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki zataka kasha la namna hiyo listahimili kuangushwa kutoka urefu wa mita 9 juu ya sakafu isiyobonyea, kisha lipite katika moto wa digrii 800 kwa nusu saa.

Je, kanuni hizo zatosha? Waingereza waliuliza swali hilo kabla ya watu wengi, kwani tangu mwaka 1962 magari moshi yao yalikuwa yakichukua urani iliyotumika, mengine yakipita katika vitongoji vya London yenyewe. Wakazi walipozidi kunung'unika, wakuu wa umeme waliamua kuwajibu kwa tendo. Tarehe 17 Julai 1984, mahali paitwapo Old Dalby, waliliweka kasha juu ya reli, kisha wakaliachilia gari moshi lisilo na dereva, lenye injini nzito na mabehewa matatu, likaja kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa na kuligonga. Injini iliharibika vibaya. Kasha lilichubuka, lakini halikupasuka. Watazamaji waliona jambo hilo kwa macho yao, na wengi walitulia.

Hata hivyo, jaribio lile lilijibu swali moja tu, yaani swali la nguvu za chuma. Liko swali la pili, ambalo haliwezi kujibiwa kwa kugonganisha magari, nalo ni hili: Je, wale wanaolitunza kasha ni watu wa kuaminiwa? Habari za Wendland zilihusu hasa swali hilo la pili.

Wendland ni nchi ya tambarare kando ya mto Elbe, katika jimbo la Saxony ya Chini. Watu wake hulima viazi na nafaka na kufuga wanyama. Ni wilaya ya watu wapatao 50,000 tu, nao ni wachache kwa ukubwa wa ardhi yao. Zamani, Ujerumani ilipokuwa imegawanyika, wilaya hiyo ilichomoza kama ulimi ndani ya mpaka wa Ujerumani ya Mashariki. Hata barabara zake ziliishia kwenye seng'enge. Chini ya kijiji chake kimoja, Gorleben, limelala jabali kubwa la chumvi. Wataalamu wengi walidhani chumvi yafaa kuzika taka za nyuklia, kwa sababu palipo na chumvi ya kale hapana maji yapitayo.

Tarehe 22 Februari 1977, Ernst Albrecht, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo hilo, alitangaza kwamba Gorleben ndipo mahali palipochaguliwa. Pangejengwa kiwanda cha kuchambua urani, ghala, na mwishowe kaburi la taka ndani ya chumvi. Wenyeji walishtuka. Si kwamba wote walikuwa wapinzani wa serikali. Wengi wao walikuwa wakulima wapole, watu wa kanisa na shamba, waliozoea kukipigia kura chama kile kile cha Albrecht. Lakini walijiuliza: Je, tumechaguliwa kwa sababu chumvi yetu ni njema kuliko chumvi zote, ama kwa sababu sisi ni wachache, tuko mpakani, na kilio chetu hakitafika mbali?

Mwezi Machi 1979 waliamua kwenda kuuliza swali hilo katika mji mkuu wa jimbo. Walipanda matrekta yao, mamia kwa idadi, wakashika njia ya Hannover, safari ya siku kadhaa. Walipokuwa wangali njiani, tarehe 28 Machi, kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, huko Marekani, kilipata ajali. Ilikuwa kana kwamba hofu yao imepewa ushahidi. Walipoingia Hannover tarehe 31 Machi, walipokewa na umati wa watu wapatao 100,000. Mwezi Mei mwaka ule ule Albrecht alikiri kwamba kiwanda cha kuchambua urani hakingewezekana, kwa kuwa wananchi hawakukubali. Hata hivyo kazi ya kuchimba ndani ya chumvi iliendelea, na ghala likajengwa. Basi watu wa Wendland walijua kwamba iko siku gari moshi litakuja.

Siku hiyo walikwisha kuipa jina kabla haijafika. Waliiita Siku ya X, kwa kuwa hawakujua itakuwa lini. Wakachukua mbao mbili mbili, wakazipigilia misumari kwa mkingamo, wakazipaka rangi ya manjano na kuzisimamisha mbele ya nyumba, kwenye maghala ya nyasi na kando ya mashamba. Mgeni aliyepita wilayani aliziona kila mahali. Siku ilipofika ilikuwa mwezi Aprili mwaka 1995. Kasha moja tu lilitoka kinu cha Philippsburg, kusini ya nchi, likalindwa na maelfu ya polisi. Mwaka 1996 likaja jingine. Mwezi Machi 1997 yakaja makasha 6, na askari polisi walioitwa kuyalinda nchini walikadiriwa kuwa 30,000. Haijapata kuonekana katika Ujerumani ya baada ya vita kazi kubwa ya polisi kama hiyo kwa ajili ya gari moshi moja.

Mtu aweza kuuliza, watu waliwezaje kulichelewesha gari lenye ulinzi kama huo? Jawabu ni kwamba reli ya kwenda huko iliishia Dannenberg, mji mdogo. Hapo makasha yalihamishwa kwa winchi, moja moja, yakapakiwa juu ya malori makubwa, kisha yakaenda kilomita 20 za mwisho kwa barabara. Watu waliketi juu ya reli kwa mamia, na wengine barabarani kwa maelfu, wakingoja kuinuliwa na polisi mmoja mmoja. Wakulima waliyaegesha matrekta yao njia panda. Wazee waliwaletea waliokaa baridini supu na mablanketi. Wengi walishika sana neno la kutompiga mtu, lakini si wote. Walikuwako waliowarushia askari vitu na kuiharibu reli, na askari nao walitumia virungu na maji ya mabomba. Mwandishi wa historia hana budi kuyataja yote mawili.

Yafaa pia tuwasikilize wale wa upande wa pili, kwani historia isiyosikiliza pande zote ni nusu ya historia. Serikali ilisema: Umeme mmeutumia, sasa taka zake mwataka ziende wapi? Wafaransa wa La Hague nao walikuwa na haki ya kusema: Kwa nini taka za jirani zibaki uani petu? Na askari kijana aliyeletwa kutoka mbali kukesha kwenye mvua hakuwa ndiye aliyekijenga kinu. Hoja hizo zilikuwa na uzito, na watu wengi wa Ujerumani walizikubali. Walisema kwamba kasha ni imara, wataalamu wamelipima, na hofu ya wakulima ni hofu ya mtu asiyesoma.

Lakini mwaka 1998 likatokea jambo lililoigeuza mizani. Wakuu wa Ufaransa wanaosimamia usalama wa nyuklia walitoa habari kwamba makasha na mabehewa yaliyokuwa yakifika kutoka Ujerumani yalikuwa na uchafu wenye mionzi kwa nje. Sheria iliruhusu uchafu usiozidi bekereli 4 kwa kila sentimita moja ya mraba. Penginepo kipimo hicho kilikuwa kimepitwa mara nyingi sana. Wataalamu walieleza kwamba uchafu wenyewe haukuwa wa kiasi cha kuwadhuru watu waliokaa kando ya reli. Pengine ndivyo. Lakini lililowakasirisha watu si kiasi cha uchafu. Ni kwamba makampuni ya umeme yalikuwa yakijua jambo hilo kwa miaka mingi, yasimwambie waziri wala wananchi, wala askari waliosimama hatua chache tu kutoka kwenye makasha.

Angela Merkel, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mazingira, mwenyewe mtetezi wa umeme wa nyuklia, alizisimamisha safari zote mwezi Mei mwaka ule. Zilikaa bila kufanyika hata mwaka 2001. Fikiri, msomaji: matrekta hayakuweza kulizuia gari moshi zaidi ya saa chache, lakini siri moja iliyofichuka ililizuia karibu miaka mitatu. Njia ya mwongo ni fupi, na hapo makampuni yaliifikia mwisho wake. Tangu siku ile, mtaalamu aliyesimama mbele ya wanakijiji na kusema kwamba kasha ni salama, hata kama alisema kweli tupu, aliulizwa: Mbona mara ile mlinyamaza?

Safari zilipoanza tena mwezi Machi 2001, hali ya nchi ilikuwa imegeuka. Katika serikali walikuwamo watu wa chama cha Kijani, ambacho sehemu ya mizizi yake ilikuwa katika maandamano kama yale ya Gorleben. Serikali hiyo ilikuwa imepatana na makampuni kuvifunga vinu vyote pole pole. Waziri wa Mazingira, Jürgen Trittin, mtu wa chama hicho, aliwasihi wafuasi wake wasiipinge safari ile, akisema kwamba taka za Ujerumani hazina budi kurudi Ujerumani. Watu wa Wendland hawakumsikiliza. Karibu na kijiji cha Süschendorf watu wachache, mmoja wao msichana wa umri wa kwenda shule, walijifunga mikono ndani ya zege chini ya mataruma ya reli. Gari lilisimama, likarudishwa nyuma, na mafundi walitumia saa nyingi kuwatoa salama.

Michezo na reli, lakini, haikosi siku yake ya msiba. Mwezi Novemba 2004, katika nchi ya Lorraine, mashariki ya Ufaransa, kijana mmoja aliyekuwa miongoni mwa wapinzani aligongwa na gari hilo la taka, akafa. Hapana shaka kila upande ulijiuliza siku ile kama ulikuwa umefanya yote yaliyopasa. Tangu kuanza kwa safari hizo watu walikuwa wakibishana juu ya hatari isiyoonekana ya mionzi. Kumbe aliyekufa aliuawa na hatari inayoonekana na kila mtu, yaani uzito na mwendo wa gari moshi.

Mwaka 2010 serikali ya Merkel, aliyekuwa sasa Kansela, iliongeza miaka ya vinu vilivyopo. Ghadhabu ikawaka upya. Gari la Novemba mwaka ule lilikuta makumi ya maelfu ya watu wamekusanyika Dannenberg. Wengine walichokora kokoto chini ya reli, wakatawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Na wachungaji walileta kundi kubwa la kondoo na mbuzi wakalijaza barabarani, hata askari hawakujua la kufanya. Tarehe 11 Machi 2011 ikatokea ajali ya Fukushima, huko Ujapani, na baada ya miezi michache bunge la Ujerumani likaamua kuvifunga vinu vyote. Mwezi Novemba mwaka huo lilikuja gari la 13, nalo likawa la mwisho kwenda Gorleben. Kutoka Ufaransa hadi ghalani, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, lilitumia zaidi ya saa 120. Vinu vya mwisho vya Ujerumani vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023.

Na jabali la chumvi je? Mwaka 2013 Ujerumani ilitunga sheria mpya: mahali pa kuzika taka patafutwe upya nchini kote, kwa vipimo vya elimu ya miamba vilivyotangazwa wazi, na wenyeji wapewe nafasi ya kusema tangu mwanzo. Mwezi Septemba 2020, walipotangaza sehemu zenye miamba ifaayo kuchunguzwa zaidi, Gorleben haikuwamo. Chumvi yake haikutimiza vipimo. Tazama basi: lile swali la wakulima, kwamba je, tumechaguliwa kwa ubora wa chumvi yetu ama kwa uchache wetu, lilijibiwa na wataalamu wa serikali wenyewe baada ya miaka 43.

Lakini tusiseme kwamba wakulima walishinda na hadithi ikaisha. Makasha 113 yamo ghalani Gorleben, nayo yangali yakingoja kaburi lisilojulikana liko wapi. Mwezi Novemba 2020 makasha mengine 6 yaliyotoka Sellafield yalipelekwa Biblis, kwa meli kisha kwa reli. Vinu vimezimwa, lakini jivu halikuzimika. Wajukuu wa wale waliopanda matrekta mwaka 1979, na wajukuu wa wale waliowapinga, watalilinda pamoja jivu la umeme ambao wao wenyewe hawakuutumia.

Sisi tulio mbali twajifunza nini? Nchi yetu ya Kenya nayo imekuwa na mpango wa kujenga kinu cha nyuklia, na mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, waliandamana kuupinga kujengwa kwao. Si kazi ya insha hii kuamua kama kinu kijengwe ama kisijengwe; hilo ni la wananchi wenyewe. Lakini habari za Wendland zatuonyesha kwamba kabla ya kuuwasha moto, yafaa kuuliza jivu litakwenda wapi, litapita kwa nani, na je, huyo atakayepitiwa ameulizwa na kuambiwa kweli yote? Chuma kizuri chaweza kununuliwa, na fundi hodari aweza kuajiriwa. Imani ya watu haiuzwi dukani. Hujengwa kwa kusema kweli mapema, hata ile kweli iliyo chungu; na ikivunjika mara moja, hapana kasha, hata liwe nene namna gani, liwezalo kuitengeneza.